Je, Wajua Kwa Nini Mwandishi Akibadili Mtindo Msomaji Huumia?

Chukua riwaya ya Rosa Mistika ya Mtanzania Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Hujafika mbali, Zakaria ameshaipata barua ambayo kijana aitwaye Charles amemwandikia bintiye Rosa, na kipigo kinaanza. Unajua uko wapi: Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Unajua baba ni nani, mama ni nani na kila mmoja anaogopa nini. Sasa fungua Nagona, riwaya ya mkono uleule, ya mwaka 1990. Msimulizi hana jina. Anasafiri, anafika kwenye mji wa ukimya, na wanafalsafa wa Ulaya waliokufa zamani wanajitokeza katikati ya hadithi. Huwezi kusema huu ni mwaka gani wala nchi gani.

Walioifungua Nagona wakitarajia Rosa mwingine waliifunga wakiwa na uchungu. Kwa nini mtu aumizwe na kitabu ambacho hakijamkosea lolote?

Jibu la kwanza liko katika namna tunavyosoma. Macho yanapopita kwenye mstari, akili iko mbele inabashiri kinachokuja. Ukishasoma vitabu kadhaa vya mtu mmoja, ubashiri huo unakuwa mwepesi: unamjua anavyomwingiza mhusika, anavyofupisha mazungumzo, anapopenda kukuacha ukiwa na wasiwasi. Mhakiki wa Kijerumani Hans Robert Jauss alilieleza jambo hili katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1967 pale Konstanz: msomaji huja kwenye kitabu akiwa tayari na upeo wa matarajio, uliojengwa na vitabu alivyovisoma kabla. Kezilahabi aliujenga upeo wa wasomaji wake kwa riwaya nne. Baada ya Rosa Mistika zilifuata Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975 na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Hazikuwa mfululizo wa kisa kimoja, lakini zilisomwa kama nyumba moja yenye vyumba vinne. Yule aliyemfuata Kazimoto katika Kichwamaji hadi anajiua, kisha akawafuata Mambosasa na Mamboleo wa Gamba la Nyoka katika purukushani za vijiji vya ujamaa, alishafundishwa na mwandishi jinsi ya kumsoma. Nagona ikayafuta mafunzo hayo yote. Ndiyo maana maumivu yake yanakaribia yale ya kusalitiwa.

Tena kuna suala la kusubiri. Kati ya Gamba la Nyoka na Nagona ilipita miaka 11. Msomaji anayependa hakai bure muda wote huo. Anarudia vitabu vya zamani, anavibishania na wenzake, na bila kukusudia anajiandikia kichwani kitabu kijacho. Kinachotoka kiwandani hushindana na hicho cha kichwani, na cha kichwani hakina kurasa mbovu hata moja.

Mwandishi naye hakuwa amesimama. Katika miaka hiyo Kezilahabi alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, akamaliza udaktari mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Nyumbani, matumaini ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yalikuwa yamechuja. Mtu aliyeanza kutilia shaka hata njia zetu za kuijua dunia asingeweza kuendelea kuisimulia kwa utulivu uleule, wenye mwanzo na mwisho, kila jambo mahali pake. Na dalili zilikuwepo mapema: mwaka 1974 alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ugomvi na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, ukawaka. Wapenzi wa riwaya zake hawakuona kwamba moto ule ungefika upande wao.

Hakuwa peke yake. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar ambaye wengi tulimpenda kwa riwaya yake ya Utengano, naye alifika kwenye Babu Alipofufuka mwaka 2001, ambamo mfu anarudi kuwasumbua walio hai.

Linaloniudhi ni pale msomaji aliyeumia anapoambiwa kwamba hakuelewa tu. Ameelewa vizuri sana. Alipewa mji, mvua, barua na baba mkali, navyo vimeondolewa. Ana haki ya kuvililia. Wapo wanaozisifu riwaya za mwisho kwa kuzidharau za mwanzo, kana kwamba Rosa Mistika ilikuwa mazoezi ya Nagona. Mimi sikubali hata kidogo. Riwaya ile iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa ukweli wake, na ukweli huo haujachakaa.

Lakini pia nazipenda Nagona na Mzingile iliyoifuata mwaka 1991, na ningependa aliyeziacha njiani azijaribu tena kwa mlango mwingine. Aanze na mashairi ya Karibu Ndani ya mwaka 1988, ambako sauti ile mpya tayari inasikika katika vipande vifupi. Kisha asome Nagona kwa sauti, kama anavyosoma shairi, bila kumtafuta Zakaria. Ni kitabu chembamba. Jioni mbili zinatosha.