Acheni kuziba Traveller kwa silikoni

Nimeulizwa tena silikoni ipi inafaa kuzibia mbao za Morris Minor Traveller, lile gari la zamani la Uingereza lenye fremu ya mbao nyuma. Hakuna inayofaa, iwe ya bei gani.

Wengi huziona mbao zile kama pambo. Tangu gari lilipotoka 1953 mpaka lilipoachwa kuundwa 1971, fremu ya mbao ya eshi ndiyo iliyobeba bodi ya nyuma: alumini ya ubavuni na vioo vimefungwa kwenye fremu hiyo. Eshi (Fraxinus excelsior) ni ngumu na hupindika bila kuvunjika, lakini ikikaa na maji huoza haraka mno kuliko msaji. Kuvu wa kuozesha wanataka unyevu wa mbao uzidi takribani 20%. Maji yataingia tu. Kazi yetu ni kuhakikisha yanatoka.

Tazameni vioo vya ubavuni, vile vya kuteleza. Vinapita kwenye reli yenye felti (kitambaa kizito kilichoshindiliwa), na reli imelala juu ya mhimili wa mbao. Mvua huteremka kiooni, huingia relini, kisha hutokea nje kupitia vitundu vya chini. Felti ikichakaa hushika uchafu, kuvumwani huota, vitundu huziba. Mwenye gari akiona kiti kimeloa, huchukua bomba la silikoni na kupiga mstari kuzunguka reli yote, vitundu vikiwemo. Hapo ameshajenga birika juu ya mhimili wake! Kwa nje panang'aa. Kwa ndani mbao inageuka uji.

Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula skrubu za chuma. Zaidi ya hapo, mbao hutanuka na kusinyaa kila majira. Silikoni ikibanduka upande mmoja huacha ufa mwembamba kama unywele, nao hufyonza maji na kuyashikilia. Halafu jaribu kupaka vanishi juu yake: haishiki, inakimbia na kuacha madoa ya duara. Utakwangua na kupiga msasa hadi ufike kwenye mbao safi.

Toeni kioo, toeni reli, zibueni vitundu kwa waya, acheni mbao ikauke kabisa chini ya paa. Kati ya alumini na mbao wekeni mastiki (gundi laini ya kuzibia) isiyokauka, tabaka jembamba, kazeni skrubu, futeni inayotoka. Ncha za mbao zilizokatwa kukingama na nyuzi ndizo zinazokunywa maji zaidi, kwa hiyo zipakwe vanishi iliyozimuliwa kabla ya kuunganishwa, si baadaye. Felti iwe mpya.

Kuhusu vanishi au mafuta kwa mbao nzima, sijatulia. Vanishi hukinga vizuri mpaka ipasuke, kisha hufungia maji ndani. Mafuta hudai kurudiwa mara kwa mara, ila weusi wa kuoza unauona mapema. Naelemea mafuta, lakini kwa gari linalolala nje Uingereza mwaka mzima huwa nasita.

Tangu 2018, magari mengi ya Uingereza yaliyozidi miaka 40 hayalazimiki kwenda MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari, kwa hiyo hakuna mkaguzi atakayekudungia mhimili kuona kama umeoza. Udunge mwenyewe kwa bisibisi ndogo, hasa pembe za chini. Kisha mimina kikombe cha maji relini, uinamie nje ya gari uone kama yanatoka kwenye kila kitundu.