Vishikwambi vya Tanga: nani aliamua hatua inayofuata?

Nikikaa na walimu, hakosi mmoja wa kunitajia vile vishikwambi vya Tanga kama ushahidi kwamba mtoto akiachwa huru hujifundisha mwenyewe. Kazi yangu ni kuandaa vifaa vya kujifunzia, kwa hiyo nami huuliza: huru kwa lipi?

Kwa aliyepitwa na habari yenyewe, mashindano ya XPRIZE, yaliyotafuta programu bora ya kumfundisha mtoto bila mwalimu, yaligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga shule. Mwalimu hakuwepo, kilichokuwepo ni kituo cha sola cha kuchajia. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu, na Mei 2019 timu mbili zilizotunga programu hizo, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10.

Sasa tazama programu ya kufundishia kusoma inavyofanya kazi. Mtoto anasikia "ba", anaigusa kati ya silabi tatu. Akipatia, kengele inalia, inakuja "ta". Akikosea, anarudia. Baadaye inatokea picha ya bata na chini yake "ba__". Hapo mtoto ameamua nini?

Huyo ni Skinner mtupu. Mwaka 1953 mwanasaikolojia huyo Mmarekani alitembelea darasa la hisabati la binti yake, akaona kasoro mbili: watoto hawajui papo hapo kama wamepata, na wote wanaburuzwa kwa mwendo mmoja. Mashine yake ya kufundishia ilitibu hayo mawili. Uamuzi wa nini kisomwe ulibaki kwa mtunga programu.

Tanga mtoto alikuwa huru kuchagua saa ya kuanza, saa ya kuacha na wa kukaa naye. Si haba, ila hata mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne ana uhuru huo, na muhtasari bado unamwamulia kila kitu. Anayejiongoza kweli ni kijana anayetafuta video ya kutengeneza simu, akaizima akishaelewa.

Kwa silabi, mimi niko upande wa Skinner bila haya. Mtoto hawezi kuchagua herufi asiyojua kama ipo. Ninachogombana nacho ni mazoezi yanayoendelea kumlisha "ba" mtoto anayesoma tayari. Kitkit School ilikuwa na maktaba pembeni. Ningeihamishia mbele, mtoto achague hadithi, na ikimchosha aiache katikati bila kengele wala alama.