Baba hajafeli: dhana potofu kuhusu kipimo cha uwanda wa kuona kwa wenye glakoma

Glakoma ni ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na kipimo cha uwanda wa kuona hutafuta sehemu ambazo jicho limeacha kuziona. Mashine yenyewe ni kama bakuli kubwa jeupe. Unaegemeza kidevu, jicho moja linazibwa, unakazia macho kitaa kimoja cha katikati, na kila ukiona nukta ya mwanga unabonyeza kitufe. Nimempeleka baba kwenye kipimo hiki mara tano sasa, kutoka Kibaigwa, wilayani Kongwa, hadi Dodoma mjini, na benchi la kusubiria limenifundisha watu wanavyokielewa.

"Nukta nyingi sikuziona, nimefeli."

Hayo ndiyo maneno ya baba siku ya kwanza, alipotoka amenyong'onyea. Kumbe mashine imepangwa hivyo. Katika kila pointi huwasha mwanga, ukiuona inaufifisha, ukiukosa inauongeza, mpaka ifike kwenye ule ambao jicho linauona mara moja na kuukosa mara nyingine. Hicho ndicho kinachotafutwa. Hata kijana mwenye macho mazima hukosa nukta nyingi. Mpangilio unaotumika sana hupima pointi 54 kwa kila jicho, na mara nyingi huchukua dakika nne hadi nane.

Mwenzetu mmoja wa bencini alikuwa na dawa yake: bonyeza tu mfululizo, majibu yatatoka mazuri. Yatatoka mazuri kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, maana sehemu iliyokufa itaandikwa kuwa nzima. Ila mashine nayo ina mitego. Inahesabu umebonyeza mara ngapi bila kuona kitu. Pia huwasha mwanga kwenye doa pofu, pale mshipa wa fahamu unapotokea jichoni, ambapo hakuna binadamu anayeona. Ukibonyeza hapo, imejua jicho lako limehama katikati.

"Nasoma herufi zote ubaoni, glakoma nimeitoa wapi?"

Ubao wa herufi unapima katikati tu. Glakoma kwa kawaida huanza kula nje ya hapo, taratibu, bila maumivu, na jicho moja likipungukiwa lingine linaziba pengo. Wala wengi hawaoni doa jeusi. Ubongo hujazia, kwa hiyo mtu anagonga stuli au anaona bodaboda imetokea "ghafla". Na sisi wa Kongwa tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa mbali: utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulipima watu 3,268 wa miaka 40 na zaidi katika vijiji sita vya wilaya hii, na asilimia 4.16 walikuwa nao. Kipimo cha uwanda wa kuona kilikuwa sehemu ya uchunguzi huo.

"Presha ya macho imeshuka, kipimo cha nini tena?"

Wengi tunaiita glakoma presha ya macho, na jina hili limetuponza. Kiwango cha presha ya ndani ya jicho kinachohesabiwa cha kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini wapo wanaoharibikiwa mshipa wa fahamu wa jicho wakiwa ndani ya kiwango hicho, na wapo waliokivuka bila kudhurika. Presha inaonyesha hatari, uwanda unaonyesha kilichopotea. Na vidonge vya presha ya damu si mbadala wa matone ya macho.

"Karatasi ya leo ina weusi zaidi, dawa imeshindwa."

Kwenye karatasi ya majibu, weusi ni pale jicho lisipoona vizuri. Kipimo cha pili cha baba kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Tulikuwa tumepanda gari la alfajiri, hajala, anasinzia kidevu kikiwa mashineni. Daktari hakubadili dawa, akaagiza kirudiwe. Cha tatu kikarudi palepale pa mwanzo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa watu wenye presha kubwa ya macho, takriban asilimia 86 ya vipimo vilivyoonekana vibaya havikuthibitika viliporudiwa. Mtoto wa jicho naye anaweza kufifisha picha nzima, na kope iliyolegea ikaziba sehemu ya juu.

Kinachotisha ni eneo lilelile kuzidi kuzama karatasi baada ya karatasi. Angalieni namba ya wastani wa upungufu, inayoandikwa kwa desibeli: sifuri ni sawa na watu wa umri wako, na ikipita −12 huhesabiwa hali nzito. Kupoteza nusu desibeli kwa mwaka ukiwa na miaka 80 si sawa na kupoteza mbili ukiwa na 45. Ili kasi hiyo ijulikane mapema, wataalamu hupendekeza vipimo vitatu kwa mwaka katika miaka miwili ya mwanzo, ingawa kwa nauli zetu si wengi wanaofikisha. Tunzeni karatasi zenu. Karatasi ya kwanza kabisa ya baba ilibaki kwenye kliniki tuliyoanzia, ikapotea, na mahesabu yakaanza upya.

"Matone hayajanirudishia macho, naacha."

Hayarudishi. Kazi yake ni kuzuia, na karatasi isiyobadilika ndiyo habari njema. Utafiti mmoja wa Sweden ulionyesha kila milimita moja ya presha inayoshuka hupunguza hatari ya kuendelea kwa takriban asilimia 10.

"Ukipepesa macho, umeharibu."

Pepesa. Baba siku hizi anakula kwanza, na akichoka anashikilia kitufe bila kukiachia. Mashine tunayopimia inasimama, anafuta machozi, anaachia, wanaendelea.