Goti Halikuwamo: Tunayoyakosea Kuhusu Maurice Stokes

Jumamosi baada ya mechi pale Makande, mabishano huhamia kwenye kahawa chungu na kashata. Juzi likazuka jina la Maurice Stokes, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani wa miaka ya 1950, na mzee mmoja akakata maneno: "Yule goti ndilo lililommaliza."

Goti halikuwamo, mzee wangu. Ni kichwa. Tarehe 12 Machi 1958, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, timu yake ya Cincinnati Royals ilikuwa Minneapolis. Stokes akakiendea kikapu, akagongana na mtu, akaanguka, kichwa kikapiga sakafu. Akazimia. Wakamnusisha dawa ya kuzindua, akaamka, akarudi kucheza.

Eti alipooza palepale. Laiti! Pengine wangemkimbiza hospitali. Siku tatu baadaye alicheza Detroit mechi ya mchujo, akatoa pointi 12 na ribaundi 15 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka), hesabu ambayo wengi wetu Makande hatujaipata tukiwa wazima wa afya. Ndani ya ndege, wakirudi nyumbani, ndipo alipougua, degedege likamshika, akapoteza fahamu. Alipozinduka mwili ulikuwa umepooza. Ana miaka 24, amecheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, misimu mitatu tu.

Dhana iliyomponza ndiyo hiyo tunayoishi nayo mpaka leo: ukiinuka mwenyewe, u mzima. Mimi nilianguka kwenye uwanja wa saruji nikiwa kidato cha tatu. Nilimwagiwa maji ya dumu kichwani, nikapewa peremende, nikaambiwa "rudi, kaza". Ladha ya yale maji, yaliyonuka mafuta ya taa, naikumbuka. Nani alishinda, sikumbuki hata leo. Mtikisiko wa ubongo si lazima uzimie, na dalili zake zaweza kuchelewa saa kadhaa au hata siku: kichwa kuuma, kutapika, kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa. Maji hayautibu. Mchezaji anayeshukiwa kuupata hutolewa, harudi uwanjani siku hiyo, na arudi lini ni daktari wa kuamua, si kocha.

Wengine husema sifa zake zimekuzwa na huruma. Tazama basi: mwaka 1956 alikuwa mchezaji chipukizi bora wa NBA, wastani wa pointi 16.8 na ribaundi 16.3 kwa mechi. Msimu uliofuata akaokota ribaundi 1,256, rekodi ya ligi wakati huo. Huruma haiokoti ribaundi.

Na Jack Twyman je? Huyu husimuliwa kama rafiki wa Stokes wa chanda na pete. Walikuwa wachezaji wenza tu, mmoja mweusi, mwingine mzungu. Msimu ulipokwisha wenzao walitawanyika makwao, Twyman makazi yake yalikuwa Cincinnati. Akawa mlezi wa kisheria wa mtu aliyemzidi umri karibu mwaka mzima, akampigania fidia ya kuumia kazini, na kila kiangazi mechi ya kuchangia matibabu ikachezwa katika hoteli ya Kutsher's, jimbo la New York. Mie huyo namwona mkubwa zaidi kwa kuwa hakuwa swahiba.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni lile la kwamba Stokes alibaki gogo, hajui kitu. Akili yake ilikuwa timamu. Twyman alimtajia herufi moja moja, naye akapepesa jicho ikifika aitakayo. Kwa mazoezi ya miaka akaweza hata kuchora. Alifariki tarehe 6 Aprili 1970 akiwa na miaka 36, na Ukumbi wa Watukufu wa mpira wa kikapu ulimpokea mwaka 2004.

Mzee wa goti hakuamini hilo la jicho, basi tukamjaribisha. Kijana mmoja akawa anataja A, B, CH, mzee anapepesa, sisi tunaandika kwenye karatasi ya kashata. Alitaka kusema "kahawa". Tulipofika kwenye W, yake ilikuwa imeshapoa.