Namaste: maana ya neno na ya mikono iliyounganishwa

Namaste ni salamu ya Wahindu inayotolewa kwa kuunganisha viganja mbele ya kifua, vidole vikielekea juu, huku kichwa kikiinamishwa kidogo. Neno lenyewe ni la Kisanskriti na lina sehemu mbili: namas, yaani kuinama kwa heshima, na te, yaani kwako. Asemaye namaste, basi, anasema "nakuinamia". Ishara ya mikono nayo ina jina lake, anjali mudra, na hutosha peke yake pale ambapo sauti haifiki, kwa mfano mtu anapomwona jirani yake ng'ambo ya barabara.

Katika madarasa ya yoga ya Ulaya na Marekani hupendwa sana maelezo kwamba namaste ni kusema "uungu ulio ndani yangu unausalimu uungu ulio ndani yako". Hiyo ni tafsiri ya kidini, iliyojengwa juu ya mafundisho ya Kihindu kuhusu nafsi, atman. Haimo katika neno. Muuza mboga wa Delhi anayempokea mteja kwa namaste hana haja ya kuyawaza hayo, kama vile nasi tunavyoamkia shikamoo bila kuwaza miguu ya mtu, ingawa neno letu husemwa kuwa limetokana na "nashika miguu yako".

Wahindu, kwa hakika, wanayo desturi ya kushika miguu kwa vitendo. Mdogo huinama akagusa miguu ya mzazi, ya babu au ya mwalimu wake, naye mkubwa humwekea mkono kichwani kumbariki. Hiyo ni pranam, na ndiyo iliyo ndugu ya shikamoo, kwa sababu anayeitoa na anayeipokea hawako daraja moja. Namaste haina marahaba yake: ijapokuwa adabu humtaka mdogo aanze, anayesalimiwa hurudisha neno lile lile na ishara ile ile, awe waziri au mfagiaji. Tofauti ya heshima huonekana zaidi katika kimo cha mikono, ambayo aghalabu hukaa kifuani kwa watu wa kawaida, hupandishwa hadi kwenye paji la uso kwa mwalimu wa dini, na wakati mwingine huinuliwa juu ya kichwa mbele ya sanamu ya mungu hekaluni.

Mikono hiyo hiyo hubeba maneno mengine pia. Panapotakiwa urasmi zaidi husemwa namaskar. Watamil husema vanakkam. Masingasinga, ambao si Wahindu kwa dini, husema Sat Sri Akal. Na katika familia nyingi za Wagujarati, zikiwemo za Dar es Salaam na Mombasa, utakaloambiwa mlangoni ni Jai Shri Krishna, na utaambiwa hilo hilo tena unapoaga.