Plagi Kuingia Tunduni Si Mitambo Kuelewana

Mafundi wengi hapa Malindi, hasa wanaohudumia pampu za maji na mitambo ya barafu ya samaki, wanaamini PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) ikiunganishwa na kifaa kingine kwa waya wa mtandao na taa ya kijani ikawaka, basi vitasomana. Sivyo. Taa hiyo inaonyesha tu kwamba waya umeshika.

Anwani ya mtandao (IP) huja kwanza. PLC yenye 192.168.1.10 na skrini yenye 192.168.0.20, zote kwa kinyago cha mtandao (subnet mask, kinachoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao) cha 255.255.255.0, hazitawasiliana bila ruta hata zikikaa kabati moja. Hilo hurekebishwa haraka.

Itifaki, yaani lugha ambayo vifaa hutumia kuwasiliana, ndiyo inayokula siku nzima. Itifaki mbili, PROFINET na Modbus TCP, hupita kwenye waya wa aina moja, ila ujumbe wa moja hauna maana kwa nyingine. Tena angalia vizuri kifaa cha kurekebisha kasi ya mota: vingi vina tundu la RJ45 (umbo lile lile la waya wa mtandao) ambalo ndani yake ni RS-485, laini ya mawasiliano ya aina nyingine, wala si Ethernet. Ukikichomeka kwenye swichi ya mtandao, hupati kitu. Hapo panatakiwa Modbus RTU, itifaki ya laini hiyo: namba ya kifaa kati ya 1 na 247, kasi na pariti (biti ya kukagua makosa) sawa pande zote, na rezista ya omu 120 kila mwisho wa laini. Tafadhali, fungua kitabu cha kifaa kabla hujamwambia mteja anunue swichi mpya.

Na mawasiliano yakipatikana lakini namba ni za ajabu, kagua rejista (namba ya mahali thamani inapokaa ndani ya kifaa): kitabu kikisema 40001, programu nyingi hutaka uandike 0, kwani huanza kuhesabu kwa sifuri.