Baa ikikosesha mtaa usingizi: kibali kinavyoangaliwa upya

Kamalondo, Kenya, Katuba: katika komini hizi za mji wa Lubumbashi, Kongo, baa na nyumba za watu zimepakana ukuta kwa ukuta. Spika ya terasi inaelekea dirisha la jirani, na muziki ukianza Ijumaa jioni, watu wa lupango (kiwanja chenye nyumba) la nyuma wanajua kwamba hawatalala vizuri mpaka Jumatatu. Wengi huishia kunung'unika, au humfuata meneja saa saba usiku, na hapo ugomvi huwa mkubwa kuliko kelele. Njia ipo: kuomba kibali cha baa hiyo kiangaliwe upya. Lakini malalamiko yenu lazima yawe na kitu ambacho mkaguzi anaweza kukichunguza.

Kibali cha kuuza vinywaji na kupiga muziki hutolewa kwa masharti. Masharti yakivunjwa, au yakionekana hayatoshi, mamlaka inaweza kuyaongeza, kukisimamisha kibali kwa muda au kukifuta. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Kifungu cha 27 ndicho ningependa kila lupango likijue: Mkongomani yeyote, peke yake au pamoja na wenzake, anaweza kuiandikia mamlaka ya umma, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya kuandika barua kama hiyo. Najua mwenye baa mara nyingine ni mtu mwenye nguvu mtaani na watu wanaogopa kutia sahihi. Ndiyo maana barua ya nyumba kumi ina uzito kuliko ya nyumba moja, na tena haimwachi mtu mmoja mbele peke yake.

Sasa, barua iandikwe nini? "Wanatusumbua kila siku" haimsaidii mkaguzi. Anahitaji daftari. Chukueni daftari la shule, mwandike kwa wiki kadhaa usiku uleule kelele zinapotokea: "Jumamosi, saa tano na dakika ishirini usiku. Tupo chumbani, dirisha limefungwa. Besi inasikika, glasi mezani zinatetemeka. Saa nane kasoro robo, mtoto ameamka. Saa tisa na nusu muziki umezimwa, jenereta bado inanguruma." Mistari hiyo inaonyesha saa, mahali, aina ya kelele na madhara yake. Inaonyesha pia kwamba matatizo ni mawili, muziki na jenereta, na kila moja lina dawa yake. Andikeni hata usiku uliokuwa shwari, kwa kuwa daftari lisiloficha kitu ndilo linaloaminika.

Kurekodi kwa simu kunasaidia, lakini simu nyingi hazinasi besi, yaani sauti nzito ya chini, ipasavyo, na besi ndiyo adui mkubwa. Sauti nyembamba, kama ya matoazi, ina mawimbi mafupi ya sentimita chache, kwa hiyo ukuta wa matofali huizuia kwa urahisi. Wimbi la besi lina urefu wa mita 5 hadi 7. Ukuta wa lupango wenye mita 2 haulisumbui, linapita juu yake na kuingia ndani kupitia mabati na madirisha. Ndiyo maana jirani hasikii maneno ya wimbo ila anasikia dum, dum, dum mpaka kifuani. Mkaguzi akipima kwa kipimo cha A peke yake, ambacho kinapunguza besi, atapata namba ndogo na kumwacha jirani aonekane mwongo. Ombeni apime pia kwa kipimo cha C, ambacho hakiipunguzi sana besi. Namba hizo mbili zikitofautiana sana, tatizo ni besi.

Umbali nao unadanganya. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidishwa mara mbili, sauti ya spika moja hupungua takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Yaani desibeli 90 kwa mita 10 hubaki kama 72 kwa mita 80. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30 usiku. Na katika baridi ya Juni na Julai, anga ikiwa safi, hewa ya chini hupoa kuliko ya juu na sauti hupinda kurudi ardhini, kwa hiyo watu wa mbali husikia kuliko kawaida. Mwili haulizoei jambo hili kikamilifu: hata asiyeamka, moyo wake huongeza mwendo, na kelele za usiku za muda mrefu zinahusishwa na shinikizo la damu.

Mimi siungi mkono kufunga baa haraka. Kuna wahudumu, wapishi na wachoma nyama wanaolisha familia hapo. Masharti mazuri huleta usingizi bila kuua kazi: spika za nje ziondolewe au zigeuzwe mgongo kwa nyumba, besi ipunguzwe kwenye mashine na kifaa cha kuzuia kupandisha sauti kifungwe, muziki wa nje uishe saa iliyoandikwa, jenereta ijengewe kibanda. Mwenye baa akiyapuuza tena na tena, hapo kusimamishwa ni haki. Kanuni hiyohiyo iyahusu makanisa yenye vipaza sauti vya usiku kucha. Mtoto anayelala hachagui aina ya muziki.

Peleka barua mwenyewe kwenye ofisi ya komini, pamoja na nakala ya daftari, na ubaki na nakala yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Miezi 3 inahesabiwa kuanzia hapo. Masharti mapya yakishatolewa, dai vipimo virudiwe Jumamosi usiku, baa ikiwa imejaa, na vifanyike ndani ya chumba cha jirani. Kipimo cha Jumanne mchana mlangoni pa baa kisikubaliwe.